Nguzo ya Tatu

Katika basi la kutoka Lancaster kwenda uwanja wa ndege wa jangwani, Loretta alikuwa ameukumbatia mkoba wake kwa nguvu. Jirani yake, fundi wa ndege mwenye mvi, hakuwa amenyamaza tangu wapande.

"Leo lile dege kubwa, Jumbo, linabeba chombo cha anga za juu mgongoni hadi Florida. Ndege juu ya ndege! Upepo wa jangwani ukiwachota, kwisha habari."

"Mume wangu ni rubani msaidizi humo," Loretta akasema.

Fundi akavua kofia. "Nisamehe, shemeji. Domo langu hili!"

"Radhi siitaki. Zile nguzo tatu zinazokishikilia chombo, nani alizikaza?"

"Mbili nilizikaza mwenyewe."

"Na ya tatu?"

Basi likasimama langoni mwa uwanja. Injini za Jumbo zilikuwa zimeshaanza kutetemesha vioo. Fundi akateremka, kofia mkononi, akatimua mbio kulielekea Jumbo.