Kitabu Chembamba cha Verlyn

Wasikilizaji wapendwa, mimineni kahawa, kisha ongezeni sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka Verlyn Haugerud, msimamizi wa kompyuta ya ushirika wetu wa nafaka, hapa kusini mwa Minnesota. Verlyn alitutoka Jumanne.

Alianza kama mpimaji wa nafaka kwenye mizani. Ushirika uliponunua kompyuta ya biashara, meneja alimuuliza, "Utaiweza?" Verlyn akajibu, "Haitanishinda." Masikini, hata kuiwasha alikuwa hajui.

Akaenda duka la vitabu mjini Rochester. Alikwishachagua kimoja chembamba, cha wanaoanza, mara akasikia sauti ya Orville Tweten, mkulima waliyekua pamoja na kuimba naye kwaya.

"Cha nani hicho, Verlyn?"

"Aa, hiki? Cha mtoto wa dada yangu."

Akakirudisha. Akanunua kinene, cha mabingwa, akakibeba jalada likionekana na wote. Mkewe, Ardis, anasema, "Alikisoma huku jasho linamtoka. Nilipomuuliza kama anaelewa, aliniambia kitamu."

Sasa sikilizeni. Kitabu chembamba kilisema mapema kabisa: kabla ya kufuta chochote, nakili kila kitu kwenye mkanda wa akiba wa kompyuta. Kinene hakikusema. Kilidhani msomaji anajua. Mavuno yalipokwisha, Verlyn akiwa anajaribu programu yake, akafuta kumbukumbu zote za uzito wa nafaka za wakulima. Mkanda ulikuwa mtupu.

Wakulima wakaja na risiti zao za mizani ili uzito uandikwe upya. Orville alikuwa amezitupa zake. Mahindi yake ya msimu mzima yakakadiriwa kwa macho tu. Aliangalia kofia yake, akasema, "Hali ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Hakuna aliyemfokea Verlyn. Mwanamke mmoja alimletea hata bakuli la viazi na nyama. Lo! Afadhali wangemtukana. Aibu ilimla mpaka akawa anaingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Hatimaye alienda kugonga kwa Orville.

"Orville, kile kitabu chembamba kilikuwa changu. Nilikudanganya."

"Ingia unywe kahawa."

"Umenisikia lakini?"

"Nimekusikia. Maziwa?"

Verlyn akarudi Rochester, akasema kwa sauti duka zima lisikie, "Nipeni cha asiyejua kitu." Tangu hapo kitabu chembamba kilikaa mezani pake, wazi kwa kila anayeingia. Karani mpya akifika, alimwambia, "Anza na hiki, bwana. Kinene hakikimbii."

Jana tulikuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, baada ya ibada ya mazishi. Orville alisimama, mzee yule ambaye hasemi.

"Verlyn alikuwa mtoto wa pekee," alisema. "Dada hakuwa naye. Nililijua hilo palepale dukani. Niliona rafiki yangu anaogopa, nikanyamaza, eti nisimwaibishe. Alikuja kuniomba radhi mlangoni, nikamuuliza habari za maziwa. Miaka yote hii aibu ameibeba peke yake, na nusu ilikuwa yangu."

Akakaa. Hakuna aliyegusa keki.

Kwako Ardis, na kwa binti yenu Joleen, poleni sana. Mji mzima uko nanyi. Nasi tuliobaki, wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini je, sisi tunaomwona mwenzetu akijificha, kisha tunageuza uso kwa adabu? Ukimaliza kahawa hiyo, nenda kamgongee jirani yako. Usimuulize habari za hali ya hewa.