Nilimwambia Muke Wangu Angoje Buji Ifunge

Ndugu zangu, Jina la Bwana litukuzwe asubuhi hii! Munivumilie, maana leo kichwa changu hakiinuki.

Mimi ni Papa Gloire, yule munayemuona akipiga gitaa hapa mbele. Kazi yangu ni kutengeneza simu, hapa Murara. Rafiki mumoja alinifundisha biashara ya kununua na kuuza feza za kigeni kwa simu. Bei inachorwa kwa vijiti vinavyofanana na mishumaa, sisi tunaviita buji. Ya kijani, bei imepanda. Nyekundu, imeshuka. Kila buji ina wakati wake; ukiisha, tunasema imefunga. Nilijua kuzisoma, ndugu zangu! Nikaanza kuamini ninaiona kesho. Hata wakati wa maombi simu ilikuwa juu ya goti langu. Mulizani nimeinamisha kichwa mbele ya Mungu. Haya gani hii!

Muke wangu alikuwa na mimba. Siku moja, mvua ikinyesha, akasimama mulangoni.

«Papa Gloire, uchungu umeanza. Twende maternité nikazalie.»

«Ngoja kidogo, mama. Buji hii ikifunga tu, tunaenda.»

«Inafunga wakati gani?»

«Karibu.»

Nilidanganya. Ilikuwa buji ya masaa mane, na ndiyo kwanza ilikuwa imefunguka. Aliniangalia, akabeba mufuko wa nguo za mutoto, akatoka peke yake. Na mimi, Mungu anihurumie, nilifurahi kwamba nyumba imetulia.

Buji ilifunga kijani, vile nilivyosema. Nikatoka mbio kumutafuta muke wangu nimuambie nimeshinda! Njiani nikakutana na jirani yetu, Mama Bora, kitenge chake kimejaa damu.

«Muke wako amezalia barabarani, juu ya mawe,» akasema. «Tulimuzungushia vitenge. Motari amewapeleka hospitali kwa pikipiki yake. Mutoto hakulia.»

Nilikimbia. Nyuma ya mulango wa hospitali wauguzi walikuwa wanapigana na kifo cha mutoto. Nilisema tu: «Bwana, usiniangalie mimi. Angalia mama yake.»

Ndipo mutoto akalia. Haleluya!

Nilipoingia, muke wangu aliuliza neno moja tu: «Imefunga?»

Nikaitika. Akageuka kwa ukuta.

Siku ile nilifuta biashara ile kwenye simu, lakini vidole viliendelea kuitafuta. Wamama wa kanisa hili waliniombea, wakafunga chakula pamoja nami, mpaka asubuhi moja nikaamuka nikasikia tu mutoto akicheka. Tamaa ilikuwa imekwisha. Bwana amenifungua!

Muke wangu ameketi pale na wamama. Hajasema amenisamehe, na sitamulazimisha mbele yenu.

Ndugu yangu unayeshika simu chini ya benchi sasa hivi, sikuhukumu. Njoo kwa Yesu. Nilipokataa kuinua macho, Yeye alikuwa barabarani, kwenye mvua, pamoja na muke wangu. Atakuwa na wako pia. Lakini usimuache aende peke yake. Enda naye.