Paulina Ildefonce Katepa, Mshairi wa Mlango wa Nyuma

Ijumaa ile ya tarehe 1 Machi 2019, katika ukumbi wa hoteli moja ya Qurum, hapa Maskati, walikuwapo Paulina mwenyewe, aliyekaa kiti cha mwisho karibu na mlango wa jikoni, Bi Menna mwajiri wake, mwalimu mstaafu aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, Zakayo mume wa Paulina, aliyekuwa kazini akigawa maji mezani, Saud kijana wa tarumbeta, Musallam fundi seremala wa Qurayyat aliyechonga kiti cha mshindi, mwenyekiti wa chama kilichoandaa shindano la mashairi siku hiyo, ambaye jina lake tunalijua na tutaliacha palepale alipoliacha yeye jina la marehemu, na wanachama mia moja na sita, ambao marehemu aliwapikia kwa miaka tisa, na hatutawataja mmoja mmoja, kwa kuwa wao walikuwa mia moja na sita na wakashindwa kumtaja mmoja.

Baba Padre, wafiwa, majirani na wote mliofika, tumeitanguliza siku hiyo kwa sababu marehemu aliibeba moyoni hadi mwisho, na sasa tunarudi mwanzo, kama ilivyo desturi.

Marehemu Paulina Ildefonce Katepa alizaliwa tarehe 14 Juni 1982 katika kijiji cha Kaengesa, mkoani Rukwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ildefonce Katepa, katekista, na Mama Stefania, mkulima wa ulezi na maharage. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, na darasa la saba ndilo lililokuwa la mwisho kwake. Siku hizo mwanafunzi aliyesikika akisema Kifipa, lugha ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake akikosea ndipo amvishe yeye, na marehemu alikivaa kuliko wote, si kwa kuwa alikosea kuliko wote, bali kwa kuwa alikataa kumtega mwenzake, akaona afadhali arudi nacho nyumbani chini ya sweta. Katika kwaya ya parokia baba yake alimfundisha kusoma nyimbo kwa nota za do re mi, zile zinazoandikwa kwa herufi, akawa mwimbaji wa sauti ya pili ambaye walimu wa kwaya za vigango jirani walikuja kumwazima siku za sikukuu.

Aliingia Maskati tarehe 2 Februari 2008 kufanya kazi za ndani. Nyumba ya kwanza hatuisemi, ila tunamsema jirani wa nyumba hiyo, Bi Jawaher, ambaye familia yake ilitoka Unguja, na ambaye alimsikia marehemu akiimba huku akianika nguo, akamwita juu ya ukuta, "We mwanangu, nnakusikia unaimba kila siku, lakini kula unakula?" na kuanzia siku hiyo sahani ya wali ilipita juu ya ukuta ule bila kukosa, mpaka Bi Jawaher mwenyewe alipomtafutia kazi kwa Bi Menna, kule Qurum, tarehe 10 Januari 2010.

Bi Menna ni mwenyeji wa Welisi, nchi ndogo ya milima, mvua na kondoo iliyo ubavuni mwa Uingereza, yenye lugha yake ya kale isiyofanana na Kiingereza hata chembe. Wiki ya kwanza tu marehemu alikuwa akifuta vumbi kwenye rafu, akafungua kitabu cha nyimbo za kanisa, akakuta zimeandikwa kwa herufi zilezile za do re mi alizofundishwa na baba yake, akaanza kuimba sauti ya pili bila kujua neno hata moja, na kutoka chumbani ikamjibu sauti ya kwanza, kisha Bi Menna akatokea mlangoni akiburuta mguu, akamuuliza nani kamfundisha. "Baba yangu, madamu," alijibu. "Humu ndani hamna madamu," akasema Bi Menna, "na ubeti wa pili umepanda juu mno, rudia." Urafiki wao ulianza hapo, ukadumu miaka kumi na mitatu bila ugomvi, isipokuwa kuhusu chumvi.

Wawelisi wanaoishi hapa Maskati wana chama chao, na kila sikukuu ya Mtakatifu Daudi, tarehe 1 Machi, hufanya tamasha la nyimbo na mashairi wanaloliita eisteddfod, ambalo kwao nyumbani ni jambo la vijiji na miji, la wachimba makaa, wakulima na wachungaji, na anayetunga shairi bora hukalishwa kiti cha heshima mbele ya watu wote. Marehemu alipelekwa huko mwaka 2010 ili akaange sambusa. Mwenyekiti alisimama, akasimulia jinsi babu zao walivyovishwa kipande cha ubao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiwelisi, akalia machozi kweli, wenzake nao wakalia, na kule jikoni Paulina akaacha sambusa zikaungua, kwa sababu alikijua kibao kile kwa uzito wake. Usiku huo alimwomba Bi Menna amfundishe lugha hiyo. Machozi ya mwenyekiti yalitoka kila mwaka, saa ileile, kwenye aya ileile ya hotuba, na marehemu aliyaamini kwa miaka tisa, kwani yeye hakuwahi kulia pasipo sababu.

Alijaza madaftari kumi na manne. Alijifunza pia sheria ya mashairi yao, ambayo ni ngumu, kwani konsonanti za nusu ya kwanza ya mstari hutakiwa kurudi kwa mpangilio katika nusu ya pili, na marehemu alikuwa akituambia, "Kwetu vina vinakaa mwisho vinasubiri, kwao vinatembea mstari mzima, huwezi kulala."

Tarehe 20 Aprili 2013 alifunga ndoa na Zakayo katika kanisa la Ruwi, na tarehe 9 Septemba 2015 Mungu akawajalia mtoto wa kike, Stefania, waliyempa jina la bibi yake. Maisha ya huku mnayajua. Mtoto alipofikisha miaka miwili marehemu alimpeleka Kaengesa kwa bibi, akakaa naye wiki tatu, na asubuhi ya kuondoka akamwandalia uji, akauweka mbele yake, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma ili mtoto asimwone akienda. Aliporudi hapa alimweleza Bi Menna kwamba ametoka kama mwizi, naye Bi Menna akamwambia kwamba kwao Welisi mlango wa mbele ni wa polisi na daktari, mtu wa nyumbani huingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, basi asijiite mwizi.

Mwaka 2018 chama kilitangaza mada ya shindano, nayo ilikuwa "Kizingiti". Desturi ya shindano hilo ni kwamba mtunzi huandika jina la kubuni juu ya shairi lake, jina la kweli hufungwa ndani ya bahasha, na mwamuzi, ambaye mwaka huo alikuwa Welisi kwenyewe, husoma bila kujua ni nani. Marehemu alijiita Drws Cefn, maana yake Mlango wa Nyuma. Shairi lilikuwa la mistari arobaini, na kwa Kiswahili mistari yake ya kwanza inasema hivi: wanaoaga wana mlango wao wa mbele, mimi nilitoka nyuma, uji wako ukiwa bado wa moto, na moto ule umebaki mkononi mwangu, siwezi kushika kitu kingine.

Turudi ukumbini sasa. Barua ya mwamuzi ilisomwa, ikasema kwamba kati ya mashairi tisa mshindi ni Drws Cefn, bila shaka yoyote, na mwenyekiti akaongeza ya kwake, kwamba shairi hili ni la mtu wa damu yao kabisa, maana hakuna mgeni anayejua siri ya mlango wa nyuma, kisha akamwomba Drws Cefn asimame tarumbeta ikilia. Saud akapiga. Watu wote wakageuka kutafuta, na aliyesimama alikuwa Paulina, amevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Mwenyekiti akatabasamu, akasema kwa kipaza sauti, "Paulina, chai bado. Kaa."

Walicheka. Tunaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, walicheka kile kicheko cha adabu cha watu waliokula vizuri. Bi Menna akapaza sauti kwa Kiwelisi kwamba hakusimama kwa ajili ya chai, Zakayo akaweka jagi la maji chini, na mwenyekiti akafungua bahasha, akasoma jina, akaitia bahasha katika mfuko wa koti kama mtu anayeficha leso chafu. Wakanong'ona mezani dakika chache, kisha akatangaza kwamba shindano ni la wanachama, na kwamba mwaka huo hakuna aliyestahili. Mtu yuleyule aliyetoka kulilia kibao cha babu yake alikichukua akamvika mwenzake, na hakuona kuwa mkono ni wake.

Lakini siku hiyo haikuwa yao peke yao. Saud aliashiriwa ashushe tarumbeta, akamtazama Paulina aliyekuwa bado wima, akaiinua, akapiga wimbo wote wa mshindi mpaka mwisho, na tangu hapo hawakumwalika tena. Musallam, aliyekuwa amesimama kando ya kiti alichokichonga kwa miezi mitatu, aliuliza kwa Kiswahili kwa sauti iliyofika kila kona, "Kiti nnakiona, na mtu nnamwona. Hivi nyinyi mmekosa nini?" Chai ilipokuja, wapo waliomnyooshea Paulina vikombe, naye akawamiminia, na alipoulizwa baadaye na Zakayo kwa nini, alisema kikombe hakina kosa. Bi Menna alirudisha beji yake ya uanachama jioni hiyohiyo.

Kiti kile kiliingizwa stoo. Baada ya mwezi mmoja Musallam alifika na pikapu kwa Bi Menna, akazunguka nyumba, akabisha mlango wa nyuma, akashusha kiti kingine kidogo, cha mti uleule, kimechongwa mgongoni maneno mawili, Drws Cefn, akakataa soda, akasema, "Hiki hakina kamati, kaa," na hapo marehemu akakaa, akalia.

Katika daftari la chama, kwa mwaka 2019 uliandikwa mstari kwamba hakuna mshindi, na marehemu hakuwahi kudai kiti, alidai mstari ule tu. Kila tarehe 1 Machi, kuanzia mwaka 2020 hadi 2025, aliwaandikia barua kwa Kiwelisi safi akiomba waufute, waandike jina lake, ili Stefania akikua aambiwe kitu kilichoandikwa. Barua sita. Walijibu moja, kwa Kiingereza, mistari miwili, kwamba jambo linafikiriwa.

Mwaka 2023 Bi Menna alirudi kwao kwa sababu ya uzee, na marehemu akahamia Mawaleh kumtunza Bi Jawaher, aliyekuwa mgonjwa wa miguu. Mwezi Agosti 2024 aligundulika na saratani ya matiti, akafanyiwa upasuaji mwezi Oktoba, akapata nafuu, kisha Novemba 2025 ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Aliaga dunia hospitalini, hapa Maskati, Jumapili tarehe 11 Januari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, Zakayo akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, mtoto mmoja, wazazi wote wawili na ndugu watano, na kesho atasafirishwa kwenda Kaengesa pamoja na kiti chake, tulichokifunga kwa blanketi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa muuguzi wa zamu ya Jumamosi, aliyeacha simu wazi juu ya mto ili Bi Menna, huko aliko, aimbe sauti ya kwanza mpaka marehemu aliposhindwa kuijibu ya pili. Tunamshukuru Bi Jawaher, ambaye mwishoni yeye ndiye aliyemlisha mfanyakazi wake kwa kijiko, majirani wa Mawaleh, wafanyakazi wenza wa Zakayo, Saud, aliyekuja na tarumbeta yake, na Musallam, ambaye leo hii ametoka Qurayyat kabla ya jua.

Tunawaona pia wanachama kumi na wawili wa chama kile waliokaa nyuma, wamevaa vizuri, wana shada kubwa kuliko yote. Hatutawatafsiria. Marehemu alijifunza lugha yao miaka tisa akiwa ameshika kikaango, nao wamekaa na watu wetu jikoni mwao miaka ishirini na hawajui hata kuomba radhi kwa Kiswahili. Kuna mama mmoja miongoni mwao anayelia kweli, tunamwona, na tunamwombea. Baada ya ibada chai ipo, ni ya kila mtu, haiulizi uanachama.

Kwa desturi yao, kabla mshairi hajakaa, watu huulizwa mara tatu kama kuna amani, nao hujibu kwamba ipo. Kwa ajili ya Paulina hakuna aliyeuliza. Basi tunawauliza ninyi, na tunawaomba mjibu kwa sauti, je, kuna amani? Je, kuna amani? Je, kuna amani?

Umewasikia, Paulina. Kaa sasa, mama, upumzike.

Wasifu huu ulipokwisha kusomwa, jina lake liliandikwa katika daftari la chama kile, kwenye mstari wa mwaka 2019, Jumanne tarehe 13 Januari, siku mbili baada ya kufa kwake.