Nilivyobebesha Mfumo Mpya Juu ya Kisiki cha Zamani

Ndugu zangu, mnaosema Bwana asifiwe, asifiwe. Mnaosema alhamdulillahi, nasema pamoja nanyi. Mama mwenyekiti ameniomba nisimame nitoe ushuhuda kwenye mkutano wetu huu kwa sababu mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nakaa pale nyuma, karibu na mlango, na naondoka kabla ya chai. Wengine mlidhani nina maringo. Hayakuwa maringo. Nilikuwa naogopa mtu aniulize, "Kazi inaendaje?"

Leo niulizeni.

Nianze na kazi yenyewe, maana hapa Mtawanya wengi mnajua tu kwamba nafanya mambo ya kompyuta kule Mikindani. Taasisi yetu ni ndogo na kazi yake ni moja: kuwaonya wanaolima bondeni kando ya Ruvuma kwamba maji yanapanda. Huko juu mtoni kuna watu wanaosoma kina cha maji kwenye nguzo iliyopakwa rangi na kututumia namba kwa simu. Mfumo unapokea, unalinganisha, na maji yakizidi unawapelekea ujumbe wakulima wa Mahurunga na vijiji jirani: hamisheni vitu, tokeni bondeni.

Sasa, mfumo huo hauko Mikindani. Umeme wetu mnaujua wenyewe. Uko kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, tunaziita wingu. Na kwenye wingu hakuna fundi unayemwelekeza kwa kidole, weka hiki hapa, weka kile pale. Unaandika. Nataka kompyuta ya aina hii, nataka ghala la kuhifadhi namba za simu, nataka mlango wa kupokea ujumbe. Maandishi hayo tunayaita kiolezo. Mama fundi cherehani hapo mbele ananielewa: ni kama ile karatasi unayoikatia gauni. Unalikabidhi wingu kiolezo, nalo linakujengea kilichoandikwa, kila kitu na jina lake. Ukiongeza mstari, linajenga. Ukifuta mstari, linabomoa kile lilichokijenga kwa mstari ule.

Shikeni hapo. Hapo ndipo nilipoangukia.

Kiolezo chetu kiliandikwa na mwenzangu aliyenitangulia, ambaye alishahamia Dodoma. Kirefu, hakina maelezo, majina ya ajabu ajabu. Lakini mfumo ulikuwa unafanya kazi. Basi tukaahidi kuviingiza vijiji vingine vya huko juu mtoni kabla ya mvua, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi. Siku hizi kuna njia mpya. Huandiki kiolezo mstari kwa mstari. Unaandika programu, nayo programu inakuandikia kiolezo. Ukiwa na vijiji vingi unaiambia tu, rudia hivi kwa kila kijiji. Ni njia nzuri, naitumia mpaka leo. Njia haikuwa na shida.

Shida ni kwamba nilitaka jengo liwe langu tangu msingi. Bosi wangu aliniuliza, "Na kile kiolezo cha zamani utakipeleka wapi?"

"Nakiandika upya chote, bosi. Kile ni kichaka."

"Kichaka kinachofanya kazi."

"Niamini."

Akaniamini, maskini.

Kiangazi kile nikasoma kiolezo cha zamani kitu kimoja kimoja na kukiandika upya kwenye programu yangu. Kuhusu majina sikujisumbua, kwa kuwa programu hutoa majina yenyewe. Kwa hiyo ghala la namba za simu, ambalo zamani lilikuwa na jina lake, likapata jina jipya. Kwangu mimi lilikuwa ghala lilelile. Mtu akibadilisha jina, si bado ni yeye? Nikajaribu kwanza kwenye nakala ya majaribio, kama tunavyofundishwa, na kila kitu kikaenda vizuri. Kumbe kilikwenda vizuri kwa sababu ghala la majaribio halikuwa na kitu ndani. Huwezi kuona upungufu kwenye debe tupu.

Nikapeleka kwenye mfumo wenyewe. Wingu likasoma: jina la zamani halimo kwenye maandishi, bomoa. Jina jipya limo, jenga. Likabomoa, likajenga. Kwenye skrini yangu ikatokea alama ya kijani kwamba kazi imekamilika, nikajipongeza kwa chai na vitumbua.

Nilikuwa bado natafuna pale dada tunayefanya naye kazi, yeye ndiye anayeshughulika na wakulima, aliponiita. "Dada, mbona orodha ya wakulima haina mtu?"

"Ngoja kidogo, itakuwa mtandao."

Haikuwa mtandao. Namba za wakulima wote zilikuwa zimeondoka, pamoja na kumbukumbu za kina cha mto za masika yaliyopita. Na nakala za akiba? Zilikuwa zimefungwa kwenye ghala lilelile, zikaondoka nalo. Nililaumu wingu kwa muda, halafu nikaacha. Lilifanya nilichoandika.

Bosi hakunifokea. Afadhali angefoka. Nilikirudisha kiolezo cha zamani kama kilivyokuwa, kikajenga kila kitu upya, kizima, ila kitupu. Bosi akasema, "Nenda vijijini ukakusanye namba upya. Na vijiji vya juu tumeviahidi. Mvua zikianza havijaingia, nitalazimika kutafuta mtu mwingine." Alikuwa na haki. Lakini ndugu zangu, mimi nilikuwa hata kukifungua kile kiolezo siwezi. Nikitaka kukigusa naifunga kompyuta. Niguse, nibomoe tena? Nisiguse, mvua zije watu wa juu hawana onyo, na kazi sina? Hicho ndicho kipindi nilichokuwa nakaa pale karibu na mlango.

Na kijiji cha kwanza kwenda kukusanya namba kilikuwa Mahurunga. Mnajua nani anakaa Mahurunga? Wakwe zangu.

Kwa wageni niseme kwamba mimi nimezaliwa Songea, na Ruvuma inaanzia kwetu. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, hajawahi kunisamehe hilo. Nilimkuta shambani. Sijafika hata kwenye kivuli, akaanza.

"Karibu, wifi. Ninyi watu wa Songea kila mwaka mnatuletea mafuriko. Mwaka huu mmeona haitoshi, mkaleta na wa kufuta onyo?"

"Wifi, naomba namba yako."

"Namba yangu si uliitupa?"

"Naiomba tena."

"Sema samahani kwa Kimakonde."

Nikasema. Nilikosea, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa namba, na akaniambia kwa kuwa nimekuja na mikono miwili nimshikie kazi.

Alikuwa anabebesha mikorosho. Humu ndani wengi mmefanya, lakini niwaeleze waliohamia huku kwa kazi za serikali. Mkorosho ukizeeka hauzai vizuri. Unaukata, unabaki kisiki. Kisiki kinachipua. Chipukizi lile unalipasua kidogo, unapachika kikonyo, yaani kijiti kichanga, kilichotoka kwenye mti wenye mbegu nzuri, unafunga kwa utepe wa nailoni mpaka vishikane. Mimi nilikuwa nashika utepe. Wifi anapasua, anapachika, ananipigia kelele nikaze, nisikaze sana.

Nikamuuliza, kwa uvivu tu, kwa nini asing'oe kisiki apande miche mipya, shamba lipendeze, mistari inyooke.

"Nani aling'oe jitu hili? Wewe?" akasema. "Mizizi imeshajua maji yalipo. Mche uanze kutafuta upya, mimi nile nini hapo katikati? Kaza, wifi, unaota."

Kweli nilikuwa naota. Nilikuwa nimekumbuka ukurasa. Kwenye maelezo ya ile njia mpya, nilipoanza kujifunza, kuna sehemu inayosema: ukiwa na kiolezo cha zamani, unaweza kukiingiza kizima ndani ya programu yako, bila kukiandika upya. Niliisoma siku hiyo na kuipita. Niliona ni ya watu wavivu. Niliona aibu kazi yangu iwe na mwandiko wa mtu mwingine tumboni. Nawaambieni ukweli, haikuwa siri iliyofichwa mahali. Nilikuwa naijua, na niliiruka kwa macho yangu.

Wifi akasema, "Sasa unacheka nini?"

"Nimepata pa kubebesha."

"Haya. Kaza kwanza hapa."

Nilipomaliza kukusanya namba vijijini nikarudi Mikindani, nikaanzisha programu mpya. Safari hii mstari wa kwanza kabisa ulisema hivi: chukua kiolezo cha zamani, kiingize kama kilivyo, na kila kitu kibaki na jina lake. Basi. Sikuongeza hata nukta. Kisha kabla ya kupeleka chochote, kuna amri ya kuuliza: nikipeleka haya, nini kitabadilika? Mara ya kwanza sikuwahi kuiuliza, nilijiamini mno. Sasa nikamwita bosi na yule dada, wakasimama nyuma ya kiti changu. Nikauliza.

Jibu lilikuja kwa maneno mawili: hakuna tofauti.

Sijawahi kufurahia "hakuna" maishani kama siku ile. Hakuna kitakachobomolewa. Hakuna kitakachojengwa. Mfumo wote wa zamani ulikuwa sasa umo ndani ya programu yangu, na wingu halikujua hata kama umehamishwa. Bosi akasema, "Kwa hiyo hujafanya kitu?" Nikamwambia, "Ndiyo, bosi, na nimekifanya vizuri." Akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje.

Baada ya hapo nikawa nabebesha kikonyo kimojakimoja. Kwanza, kutoka kwenye programu nikaliita ghala kwa jina lake la zamani, nikaliwekea kinga kwamba hata mstari wake ukifutwa, lenyewe lisibomolewe, na nakala za akiba zikawekwa mahali pengine. Nikauliza tofauti: ni hayo tu. Nikapeleka. Kisha nikaandika sehemu mpya ya vijiji vya juu, ile ya "rudia kwa kila kijiji," nikaiunganisha na ghala lilelile. Nikauliza tofauti: vitu vipya vinajengwa, cha zamani hakiguswi. Nikapeleka. Mawingu ya kweli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Newala, na vijiji vyote tulivyoviahidi vilikuwa ndani.

Mto ulipanda mwezi wa pili. Nilikuwa ofisini mchana, nikaona namba kutoka kwenye moja ya zile nguzo mpya za juu, kubwa kuliko kawaida. Sikufanya kitu. Nilikaa tu nikatazama ujumbe unavyotoka, kijiji kwa kijiji, kufuata maji. Kwa sababu ya nguzo zile mpya, Mahurunga walipata onyo mapema kuliko walivyowahi kupata.

Simu ikaita. Wifi.

"Wifi, ujumbe umefika. Tumepandisha pampu na mpunga wote wa mwaka jana. Watoto tumewapeleka juu. Maji ndiyo kwanza yanaingia, tunayaangalia tu."

"Mungu ni mwema."

"Mwema. Lakini waambie watu wa Songea tumeyaona, yanatosha."

Ndugu zangu, nilifunga mlango wa ofisi nikalia, kilio cha raha. Siku iliyofuata bosi aliniambia sehemu zote za mfumo sasa ziko mikononi mwangu, na mtu mwingine hatafutwi.

Nawashukuru. Namshukuru bosi wangu, aliyeniacha nirudie. Namshukuru dada wa ofisini, aliyetembea nami kijiji kwa kijiji kuomba namba ambazo yeye hakuzipoteza. Nakushukuru mama mwenyekiti, uliyekuwa unaniwekea kikombe changu cha chai kila mkutano ingawa unajua nitaondoka. Na mwenzangu wa Dodoma nilimpigia simu, nikamwambia kiolezo chake kiko hai na jina lake nimeliandika juu. Akasema, "Nilidhani wamekitupa zamani."

Ninalowaachia ni hili. Kati yenu wapo wanaopokea duka la mwenzao, darasa la mwenzao, hata jiko la mama mkwe. Mkono utakuwasha uvunje vyote uanze vyako. Ngoja. Uliza kwanza, nikikigusa hiki, nini kitabadilika? Kinachofanya kazi kiache kishike mizizi, wewe pachika chako juu, funga, subiri vishikane. Hakuna atakayekuona mvivu. Na wakikuona, mtakutana wakati wa kuvuna.

Leo sitoki kabla ya chai. Mama mwenyekiti, kikombe changu ni kile chenye maua.