Kidari Kilichomrudisha Mzee Masunga Mezani

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Epifania Mwanisawa anastaafu baada ya kutumikia jiko la Makao ya Wazee Tulizo, hapa Pito, kwa miaka thelathini na mmoja. Alipofika kutoka Kate mwaka 1994 aliambiwa kazi ni ya miezi mitatu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba imekwisha.

Katika muda huo ameugua siku nne, zote akiwa jikoni. Anajua nani hali mlenda, nani ana kisukari, na nani hujidai ana kisukari ili apewe uji wa ulezi.

Lakini kilichomjengea jina ni kidari cha kuku, na ni haki isemwe kilivyoanza, maana nami nilihusika.

Hadi mwaka 2010 wazee wetu walikula kuku wa kienyeji, ambaye huchemshwa mpaka akubali. Mwaka huo nilishauri kikaoni tufuge kuku wa kisasa. Wana nyama nyingi, nilisema, hasa kifuani. Nilipigiwa makofi. Bi. Epifania akawapika kama alivyozoea, saa mbili kwa moto mkali. Mapaja yalistahimili. Kidari kilitoka kikavu kama maranda ya bandani. Mzee Zenon, fundi seremala wa zamani, aliomba aletewe msumeno. Hakuwa anatania.

Siku ya Pasaka 2011 kipande cha kidari kilimkwama kooni Mzee Masunga, mfugaji aliyehamia Rukwa na ng'ombe wake na aliyekuwa amebakiwa na meno matano. Muuguzi wetu Salome alimpiga mgongoni mara tano, kisha akamkamata kwa nyuma na kumbana tumbo. Kipande kikaruka hadi meza ya pili. Mzee alikunywa maji, akapumua, akasema, "Nimekutana na simba mara mbili machungani. Kumbe aliyetumwa kuniua ni kuku."

Tulicheka. Yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hakugusa nyama. Majuma sita alikula ugali kidogo na mchuzi wa maharage, hadi suruali ikahitaji kamba. Nilipendekeza kidari wapewe wafanyakazi, wazee wale mapaja. Bi. Epifania alikataa.

"Kuku hana kosa, Lazaro. Kosa ni langu."

Likizo yake alikwenda Kasanga kwa dada yake, Bertila, anayepikia watu samaki bandarini. Dada alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Samaki ukimwacha motoni mpaka umalize umbea, anakuwaje? Basi na kidari ni hivyohivyo." Bi. Epifania alirudi siku mbili kabla ya likizo kuisha.

Akaanza kujaribu. Alitenga kidari na mapaja, akakipasua vipande vya unene mmoja, akakiloweka kwenye maji ya chumvi. Jumamosi ya kwanza chumvi ilizidi, tukanywa pipa la maji. Jumamosi ya pili nyama ilikuwa laini, ila katikati ilikuwa bado ya pinki, na Salome akairudisha jikoni sahani nzima, akisema wazee hawatapona koo ili wafe kwa tumbo. Jumamosi ya tatu Bi. Epifania alikiweka kidari kwenye mchuzi unaotokota polepole, bila kuuacha uchemke kwa fujo. Alipokata kipande kinene akaona ndani ni cheupe chote na maji yake ni maangavu, aliipua, akafunika, akakiacha kitulie. Kisha akakikata vipande vyembamba, akikatiza nyuzi za nyama. Salome alikagua, akala, akasahau kuandika ripoti.

Jumapili Bi. Epifania alipeleka sahani mwenyewe. Akaketi kando ya Mzee Masunga, akala kipande cha kwanza yeye. Mzee akachukua cha pili. Alitafuna muda mrefu kwa tahadhari, ingawa hapakuwa na cha kutafuna.

"Huyu ni samaki?"

"Ni kuku, baba."

"Paja?"

"Kidari."

Mzee akaivuta sahani kwake.

Bi. Epifania alitoka akaenda nyuma ya jiko, tukamsikia akipenga kamasi. Alituambia ni moshi. Siku hiyo tulipikia gesi.

Mzee Masunga aliishi miaka minne zaidi, na hakukosa kidari Jumapili hata moja. Tangu hapo sheria ya jikoni ni moja: anayefunua sufuria kabla ya wakati anatolewa nje. Nimetolewa mara tisa. Mkaguzi mmoja kutoka mjini alitolewa mara moja, akaandika kwamba usimamizi ni imara.

Sasa jiko analiachia Sharon, aliyefundishwa naye kwa miaka sita na ambaye tayari ameanza kutufukuza. Bi. Epifania anarudi kwao Kate kulima mahindi na ulezi.

Bi. Epifania, tunakushukuru kwa kila sahani, na zaidi kwa kutokubali kwamba mzee asiye na meno amemaliza haki yake ya kula vizuri. Ijumaa hiyo kiti chako kipo meza ya mbele, katikati ya wazee. Usije jikoni, mlango tutaufunga kwa ndani. Kaa, upakuliwe, ule chakula kikiwa cha moto, kwa mara ya kwanza tangu 1994. Mungu akujalie maisha marefu na mema, na majirani wanaojua kupika.

Lazaro Kapele, Mtunza Stoo
Kwa niaba ya wafanyakazi na wazee wa Tulizo