Mzee Kornelio Nandonde, Fundi wa Bushi, Anatuaga

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Kornelio Nandonde anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1985. Aliingia karakana yetu hapa Mtoni Julai 1958, Uhuru bado haujapatikana, akiwa msafisha vyuma. Anaondoka akiwa msimamizi wa mafundi. Anayetaka tarehe za vyeo vyote vya katikati aende masijala. Mimi nimeombwa kuandika habari za mtu, na huyu ukimtaja huna budi kutaja bushi.

Kwa wenzetu wa ofisini, ambao gari wanalijua kwa kulipanda tu: bushi ni kile kipande cha mviringo, mara nyingi cha raba, kinachokaa pale springi na mikono ya magurudumu inaposhikana na bodi. Ikilegea, gari huyumba. Ikizidi ugumu, kila shimo la barabara humfikia dereva mgongoni. Katika kuichagua iliyo sahihi Mzee Kornelio alitupita wote.

Vipuri vilipoadimika hakukaa kulalamika. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alikata bushi kwenye matairi chakavu ya malori, baada ya mshona viatu vya katambuga mmoja wa Temeke kumwonyesha sehemu isiyo na nyuzi. Hakuzipaka grisi, maana mafuta hula raba, bali alizitelezesha kwa sabuni. Mkewe, Mama Rosalia, anaweza kuwasimulia ni vipande vingapi vya sabuni ya kuogea vilivyopotea nyumbani kwao Mwananyamala. Tena bolti hakuikaza mpaka gari lisimame kwa magurudumu yake, na mtu mzito akiwa ndani. Mtu huyo mara nyingi nilikuwa mimi, mtunza stoo, na nilijua fika kwa nini nimechaguliwa.

Sasa nije kwenye Ford Anglia. Lilikuwa gari kuukuu la mwaka 1960, ambalo klabu yetu ya michezo ililifufua baada ya saa za kazi ili liende kwenye mbio za magari ya zamani za sikukuu ya Uhuru, Desemba 1974. Dereva alikuwa Hamoud Muhdhar, fundi umeme wetu, naye alitaka gari lisiyumbe hata kidogo kwenye kona. Mzee Kornelio, mwana wa Newala, akaenda kwa nduguye mchongaji, akarudi na mabaki ya mpingo. Akayakereza, akayachemsha kwenye mafuta, akayaweka mbele na nyuma. Siku ya majaribio, Hamoud alirudi kutoka Kibamba akicheka peke yake kwa furaha.

Siku tatu kabla ya mbio, kishikio cha chuma kinachobeba springi ya nyuma kikakutwa kimepasuka. Kama kingeachia kwenye kona ya kasi, leo Hamoud tungekuwa tunamsomea dua.

Lawama haikosi wa kumwangukia. Kishikio kile kilikuwa kipya, kimetoka stoo, na mimi nilikuwa na miezi minne tu kazini, bado kwenye majaribio, nikilea wadogo zangu watatu baada ya wazazi kufariki. Mkuu wa karakana wa wakati huo alisema nimetoa chuma kibovu. Barua ya kuniachisha kazi ikachapwa. Wote tulijua pia kwamba Mzee Kornelio alikuwa athibitishwe usimamizi mwezi huohuo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote.

Kesho yake asubuhi aliomba kusema mbele ya kamati ya wafanyakazi, bushi ya mpingo mkononi. "Chuma cha binti huyu hakina kosa," alisema. "Kosa langu mie. Niliona mbele imekubali, nikadhani na nyuma itakubali. Springi ya nyuma inajipinda, jamani, na mti huu haujui kujipinda. Nguvu yote imeishia kwenye kishikio."

Barua ikachanwa. Usimamizi wake ukacheleweshwa miaka minne. Siku mbili zilizobaki aliuacha mpingo mbele, ambako mkono wa gurudumu hupanda na kushuka tu, nyuma akaweka raba ya tairi. Hamoud alimaliza wa nne kati ya magari kumi na moja, akalalamika kwamba gari linayumba kidogo. Tulifurahi kumsikia akilalamika.

Mzee amefundisha mafundi kumi na tisa, akiwemo Polikarpo anayeshika nafasi yake. Kila mmoja alisimuliwa kosa la Anglia siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa spana zinakaa wapi.

Tunamwombea yeye na Mama Rosalia siha njema, na mvua ya kutosha kwenye shamba lao la Kigamboni. Wafanyakazi wote tunasema ahsante, na mlango wa karakana hautafungwa kwake.

Langu mwenyewe ni hili. Wadogo zangu wote watatu wamesoma kwa mshahara wa stoo. Kwa zaidi ya miaka kumi nimemwamkia Mzee Kornelio kila asubuhi, naye ameniitikia, na hata siku moja hakunikumbusha alichonifanyia. Nami kwa aibu sikuwahi kumshukuru. Yeye alinisemea mbele ya watu, basi nami namshukuru mbele ya watu: ahsante, baba.

Bernadeta Chilumba, Stoo