Vigingi Kumi na Kimoja vya Bwana Theonest

Mheshimiwa Liwali, Bwana Mkubwa wa ofisi ya maji pamoja na wasaidizi wako, Mzee wetu Jumbe, masheikh wetu, na Padri uliyekubali kuja, ndugu wageni waalikwa mliotoka Kurasini, Kunduchi na hata Gongo la Mboto, majirani zangu wa Temeke, na nyie kina mama mliowahi viti vya kivulini mkaniachia mie jua: assalaam alaykum. Ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wote, shikamooni.

Kwa wageni wasionijua, mie ni Mwanaheri binti Marijani, mtunzaji wa kisima hiki kilicho nyuma yangu. Nimeombwa niseme maneno machache ya kumuaga Bwana Theonest Kamugisha, mpimaji wa maji, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na mmoja, na ambaye Jumatatu atapanda gari la moshi pamoja na mkewe, Bi Filomena, kurudi kwao Bukoba. Waliotangulia kusema wamemsifu kwa bidii, kwa adabu na kwa kuwahi kazini. Yote ni kweli, ila hata saa ya ukutani huwahi kazini. Mie nataka kumsifu kwa mshale. Na ndani ya sifa hizo nina kosa langu la kukiri, ambalo nimelificha miaka minane. Mnivumilie.

Wengi wenu mnakumbuka kisima cha zamani, kile kilichofunikwa mbao, hatua mia mbili kutoka hapa. Alikichimba baba yangu, Marijani bin Sadallah, kwa mikono yake, akakitoa sadaka kwa kila mwenye kiu, awe Mwislamu au Mkristo, mwenyeji au mpita njia. Alipokuwa kitandani kwa maradhi yake ya mwisho alinishika mkono akasema, "Mwanaheri, kila ndoo inayopanda pale, thawabu zake zinanifikia niliko. Usiache kamba ikakauka." Nikaahidi. Mtu akimwahidi baba yake maneno kama hayo, je, anaweza tena kulala raha akisikia kisima hicho kinataka kufukiwa?

Basi mwaka 1949 akatokea bwana huyu. Shati jeupe, kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, darubini ya miguu mitatu begani. Akaniamkia vizuri, akaomba maji, akanywa, akayasifu. Kisha akaniambia maji hayo yataharibika. Bondeni, kuelekea Kurasini, palikuwa pamefunguliwa banda la ngozi mwezi Januari mwaka uleule, na maji ya kuoshea ngozi, yenye chumvi na dawa na uvundo, yalikuwa yakimwagwa kwenye shimo. Akasema anaogopa yanakuja kwetu chini kwa chini.

Nilicheka. Nani asingecheka? Banda lilikuwa bondeni, kisima cha baba kilikuwa kwenye mwinuko. Nikamwambia, "Bwana mpimaji, huko kwenu Bukoba maji hupanda mlima?" Majirani wakacheka nami, na Mzee Jabiri, ambaye kisima chake kilikuwa ng'ambo ya njia, alicheka mpaka akakohoa.

Yeye hakucheka wala hakununa. Aliniomba kamba yangu ya kutekea. Nyie kina mama mnajua, mwanamke anayeteka maji hukijua kisima kwa kamba. Kisima cha baba kilitaka pima sita kufika majini, cha Mzee Jabiri pima tano, na kile cha jirani wa banda la ngozi pima tatu tu. Akaziandika. Kisha akasimamisha darubini yake akapima tofauti ya ardhi, akakuta mwinuko wetu umelizidi lile bonde kwa pima moja tu. Hesabu hiyo hata mie niliiweza, nikaikataa. Ardhi yetu iko juu kwa pima moja, lakini maji yetu yako chini kwa pima tatu zaidi. Maana yake maji ya kule bondeni yalikuwa juu ya maji yetu kwa pima mbili nzima.

"Lakini bado sijui yanaelekea wapi hasa," akasema. "Visima viwili vinaniambia tu maji yapi yako juu, yapi yako chini. Cha tatu ndicho kitaniambia kama yanakuja kwako moja kwa moja au yanapita kando." Akachora mchangani, uani kwangu, pale nilipokuwa nimeshafagia. "Bi Mwanaheri, mshale wangu una mambo mawili. Una mahali unakoelekea, na una urefu. Mwelekeo unasema maji yanakwenda wapi. Urefu unasema yanakwenda kwa mwendo gani. Nikikupa kimoja bila kingine, nimekupa nusu ya habari." Akasema vitabuni huitwa vekta. Nikamjibu vitabuni na uitwe utakavyoitwa, kisima cha baba yangu hakifukiwi.

Akaanza kupigilia vigingi. Kumi na kimoja, vya mti mzuri mkavu, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu, kutoka bondeni mpaka mlangoni kwangu. Kila kigingi alikipima kimo chake akakiandika. Nilikuwa nikivitazama kutoka dirishani, na kila siku kimoja kilizidi kunisogelea.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ijumaa moja ya mwezi wa Agosti, adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini, na Bwana Theonest amekwenda kula, nilitoka na kanga yangu nikaving'oa vyote. Sikutumwa na mtu. Niliving'oa, nikaziba matundu kwa kisigino, nikavipeleka mekoni, nikavitia moto, nikapikia maandazi.

Naona Mzee Jumbe ananikodolea macho. Ndiyo, Mzee, ulipoitisha mkutano kuuliza nani kaharibu mali ya Serikali, mie ndiye niliyesimama mbele nikasema mwizi huyo alaaniwe.

Jumamosi yake asubuhi Bwana Theonest alikuja kuniuliza kama nimeona mtu. Nikamwambia labda ni mbuzi. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, nikamwandalia sahani ya maandazi yaliyobaki, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa adui. Akala manne. Akasema, "Yameiva vizuri, Bi Mwanaheri." Yasingeiva vipi, na kuni zilikuwa za Serikali?

Aliondoka akaanza upya. Kutoka kigingi cha kwanza. Ilimchukua siku tisa kurudi pale alipokuwa amefika. Mie nilifurahi kwa zile siku tisa, na ndizo zinazonifanya nisimame hapa leo. Nitazirudia.

Alipomaliza akaenda likizo kwao. Aliporudi alikuwa na kitambaa cheusi kwenye mkono wa shati. Nilikiona. Sikuuliza. Nilijiambia mambo ya Wakristo yana wenyewe.

Akaendelea na kazi. Alizungusha keekee yake ndefu ardhini, akatoa mchanga, kisha udongo wa mfinyanzi. Karibu na banda akatoboa tundu, na hatua kumi kutoka hapo akatoboa matatu mengine, kila moja upande wake. Akamimina chumvi gunia zima kwenye lile la kwanza, na kila alfajiri akawa anakuja kuonja maji ya yale matatu. Mtaa mzima ulisema huyu si mpimaji, huyu ni mganga. Bi Zuena, uko wapi? Wewe ulimfungia mbuzi wako ndani wiki tatu. Siku ya ishirini tundu moja likawa la chumvi, mawili yakabaki matamu. Na lile la chumvi ndilo lililokuwa upande wetu.

Hatua kumi kwa siku ishirini ni nusu hatua kwa siku. Kutoka banda mpaka kisima cha baba ni hatua mia nne. Siku mia nane hivi, akasema, tukihesabu tangu banda lilipofunguliwa. Akanitajia siku: Ijumaa ya pili ya Machi, mwaka 1951.

Bado nilikataa, kwa sababu macho yangu yaliniambia mlima ni mlima. Hapo ndipo alipoomba sinia langu, lile la shaba la harusi ya mama. Akaliinua upande mmoja kwa kokoto, akarundika mchanga juu yake, akautengeneza hata mchanga ukawa unateremka upande wa pili. Kisha akamimina maji ya birika taratibu. Maji yalizama, hayakuufuata mchanga kabisa; yalitokea upande ambako sinia limeinamia. "Huo ndio udongo wa mfinyanzi ulio chini yetu," akasema. "Umelala mshazari kuja kwako. Sisi tunatembea juu ya mchanga, maji yanatembea juu ya sinia." Nilikaa chini. Nilimlilia baba yangu siku ile kama aliyezikwa jana, na mwanamume huyu alikaa kando akikung'uta mchanga kwenye sinia langu mpaka nilipomaliza.

Nikamwambia, baba nimemwahidi. Akaniuliza, "Ulimwahidi shimo au ulimwahidi maji?" Akanishauri niwaulize masheikh. Wakasema wakfu ambao manufaa yake yanapotea huhamishwa, na thawabu huhama nao. Wachimbaji wakaletwa hapa tuliposimama, mahali ambapo mshale haupiti. Na mawe kumi na mawili ya mdomo wa kisima cha baba tukayahamisha kwa mikono siku ya Jumapili. Bwana Theonest alitoka misani moja kwa moja akabeba matatu, shati la Jumapili likaisha.

Kile cha zamani sikukifukia. Nilikuwa bado na kiburi kidogo. Kila Ijumaa nilichota ndoo moja nikanusa. Ijumaa ya pili ya Machi 1951 ikafika: maji safi kama machozi. Nikamtumia salamu za kejeli. Ijumaa ya mwisho ya mwezi uleule, ndoo ilipofika mdomoni, nilirudi nyuma. Ilinuka ngozi. Bwana Theonest, ulikosea wiki tatu. Nimekusamehe.

Ndugu wageni, hesabuni nyumba zilizokuwa zikiteka pale. Hamsini na tatu. Mnaona watu waliokaa mbele yangu? Nusu yao wangekunywa yale maji, na mie ningewachotea kwa mkono wangu huku nikidhani namtumia baba yangu thawabu.

Sasa zile siku tisa.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsaidia Bi Filomena kufunga mizigo. Katika kukunja nguo tukakikuta kile kitambaa cheusi. Nikauliza, baada ya miaka minane. Akanieleza kwamba Agosti ile ililetwa barua, mama mkwe wake anaumwa, anamwita mwanawe. Bwana Theonest alikuwa na ruhusa mkononi, na alipanga kumaliza vipimo Jumatatu, apande gari Jumanne. Lakini ofisi ilitaka mchoro kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo wachimbaji wangepelekwa Kilwa na Temeke ingoje. Alibaki akapima upya. Alipopanda gari mpaka Mwanza, na meli mpaka Bukoba, aliambiwa gatini kwamba mama yake amezikwa siku nne zilizopita.

Nilihesabu kwa vidole mbele ya Bi Filomena, naye hakujua ninahesabu nini. Tisa toa nne: angefika siku tano kabla ya maziko.

Leo asubuhi nilikwenda kwao, nikamwambia yote barazani, kwa sababu si haki mtu kulisikia jambo kama hili kwanza mbele ya hadhara. Alikoroga chai ambayo alishaikoroga. Akasema, "Nilijua, Bi Mwanaheri. Siku ya maandazi, mekoni kwako palikuwa na kichwa cha kigingi hakijaungua. Chekundu."

Nikamwuliza mbona hukunishtaki. Akasema, "Ungemfukuza kila mpimaji atakayekuja baada yangu, na maji yale yalikuwa njiani."

Nikamwuliza, na mama? Akasema, "Hilo nililijua gatini. Nilikuwa na hasira nawe mpaka meli iliporudi Mwanza. Halafu nikachoka. Nikaona nikiacha kazi, nitakuwa nimemkosa mama bure."

Mheshimiwa Liwali, huyo ndiye mtu mnayemuaga kwa kuwahi kazini. Alikalia kigoda changu, akala chakula changu, akijua kimepikiwa nini. Akarudi kutoka msibani akawapimia maji watoto wa mtaa uliomwita mganga, kwa ajili ya mwanamke aliyeharibu kazi yake. Sina cha kumlipa. Siwezi kumrudishia siku tano.

Lakini naomba fundi Bakari, mchonga mawe wetu, aondoe ile kanga juu ya jiwe la mdomo wa kisima. Mnaona, jina la baba liko palepale lilipochongwa: Marijani bin Sadallah. Chini yake, tangu jana, liko jina jingine: Kokuberwa, mama wa Theonest. Masheikh wetu niliwauliza, wakasema baba alikitoa kwa kila mwenye kiu, na jina la mama wa mtu halimzuii mtu kunywa. Padri naye ameridhia. Kila atekaye hapa atamwombea wake kwa namna ya dini yake, na wote wawili watatajwa kwa ndoo moja.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu juani namna hii, na kwa kutonizomea. Bwana Theonest, nilikunyima kutia udongo kwenye kaburi la mama yako. Ndoo ya kwanza kwa jina lake haifai kuchotwa na mkono mwingine. Njoo, kamba hii hapa.